Mama Nakala na diski iliyoanza kugonga

Saa tatu na robo asubuhi, Jumanne. Katika chumba cha nyuma cha kituo kidogo cha picha za eksirei, mwanamke wa miaka hamsini na moja amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, akisikiliza sanduku jeusi lisilozidi ukubwa wa kitabu.

Sanduku linagonga. Tik, tik, kimya. Tik. Kisha linanyamaza muda mrefu, hadi mtu anajikuta ameacha kupumua.

"Hiyo ya mwisho ilikuwa tofauti," anasema bila kugeuza shingo. "Ilikuwa na kitu kama kukwaruza."

Juu ya meza kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: USIGUSE MEZA. Mlangoni ipo nyingine: FUNGA POLEPOLE. Chumba kina joto, lakini feni moja iliyopo imeelekezwa kwenye sanduku, si kwa watu. Mhudumu wa mapokezi, ambaye wenzake humwita Spika kwa ukubwa wa sauti yake, anaingia akinyata, viatu mkononi.

"Mgonjwa ameamkaje?" ananong'ona.

"Arobaini na sita kwa mia."

"Nimekuuliza hali yake, sijakuuliza alama za mtihani."

Mwanamke kitini hacheki. Nyumbani na kazini wanamwita Mama Nakala, na leo ndiyo siku ambayo jina hilo linamwelemea.

Ndani ya sanduku lile mna diski ya kompyuta, na ndani ya diski mna picha za miili ya watu elfu kumi na nane na mia nne: mapafu, nyonga, uti wa mgongo, vichwa. Ni kazi ya miaka kumi na moja ya kituo chenye wafanyakazi watano. Eksirei ya kawaida ni picha moja, nyepesi. Ila miaka saba iliyopita kituo kilipata mashine ya duara, ile ambayo mgonjwa hulala akaingizwa katikati yake, na mashine hiyo humpiga mtu mmoja picha mia tatu na zaidi, kipande baada ya kipande. Hizo ndizo zilizoijaza hifadhi hadi ikafika terabaiti tisa.

"Watu wanadhani picha ikishasomwa na daktari imemaliza kazi," anaeleza. "Sivyo. Daktari mzuri swali lake la kwanza ni hili: ya zamani iko wapi? Anataka kuona kilichobadilika. Bila ya zamani anabahatisha."

Kazi yake ni kuhakikisha kwamba ya zamani ipo. Kila Ijumaa hutengeneza nakala rudufu, yaani picha zilezile kwenye diski ya pili, ambayo huchukuliwa na mwenye kituo na kulala nyumbani kwake. Moja ikifa, nyingine iwepo.

Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Ilikuwa Ijumaa, na diski ya pili ilikuwa imechomekwa ikipokea picha za wiki. Ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua na haikuwaka tena. Diski mpya ya ukubwa ule haikupatikana madukani. Iliagizwa, na bei yake ilizidi mshahara wa Mama Nakala wa miezi miwili na nusu. Ilifika Jumamosi.

Jumatatu asubuhi, alipoiwasha ile iliyobaki ili aanze kunakili, ndipo akasikia mlio.

Alimpigia simu fundi wa kompyuta. Fundi akamwambia aisogeze simu karibu na sanduku. Alisikiliza, kisha akasema maneno ambayo Mama Nakala anayarudia neno kwa neno: "Mama, hiyo inaweza kuishi mwezi mzima, inaweza kuishi dakika tano. Anza kutoa sasa hivi. Na ukishaanza, usiisimamishe."

Alianza saa mbili kamili. Kompyuta ikahesabu ikamwambia: saa hamsini na tano.

Kwa nini asizitume kwa mtandao, zikakae mbali ambako umeme wao hauwezi kuziunguza? Ameulizwa hivyo mara nyingi, na jibu analo kwenye daftari, amelipigia hesabu mwenyewe. Kwa kasi ya laini yao, terabaiti tisa zingechukua karibu miezi saba, usiku na mchana, bila mtu mwingine yeyote kufungua hata barua pepe.

Hakuzaliwa na mambo haya. Alianza hapa akiwa mfagiaji, kisha akapelekwa mapokezi kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Mwenye kituo, mpiga picha za eksirei wa miaka sabini na miwili, ni kaka wa mama yake, na kituo kizima humwita Mjomba, wagonjwa pia. Kompyuta ilipoletwa, Mjomba aliuliza nani yuko tayari kuisomea. Kila mtu alitazama chini. Yeye akajiandikisha darasa la jioni, miezi minane, akiwa na kamusi kwenye mkoba na watoto watatu nyumbani.

Akatoka huko na mazoea ambayo familia yake haijayazoea hadi leo. Vyeti vya watoto viko sehemu tatu. Ufunguo wa mlango una ndugu wawili. Binti yake mkubwa husema mama yake kama angezaa tena angetaka mapacha, mmoja wa kutumia na mmoja wa akiba.

Utani huo huwa anaucheka. Lakini kuna jambo moja haliongelei kwa utani, na hata leo amelisimulia huku macho yake yakiwa kwenye skrini.

Miaka miwili iliyopita alikuwa na diski mbili mezani, iliyojaa na mpya tupu. Programu anayoitumia ni mtiifu kupita kiasi: unaionyesha diski ya kwanza na ya pili, nayo inaifanya ya pili ifanane na ya kwanza. Mchana ule, baada ya simu tatu na mgonjwa mmoja mkorofi, aliionyesha diski tupu kuwa ya kwanza.

"Ikanitii," anasema. "Ikaifanya iliyojaa ifanane na tupu. Niliona namba inashuka, nikafikiri kompyuta inapanga. Nikaenda kunywa chai. Nilikunywa chai, unaelewa?"

Diski ya nyumbani kwa Mjomba iliokoa nyingi, ingawa wakati ule ilikuwa ikiletwa mara chache sana. Kwa hiyo picha za miezi kumi na nne zilikwenda. Watu elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Mjomba hakumfukuza. Alikaa kimya siku nzima, na Mama Nakala anasema afadhali angemtukana.

Tangu siku hiyo habonyezi kitufe peke yake. Spika husimama nyuma yake na kuuliza kwa sauti, naye hujibu kwa sauti, huku kidole kikiwa juu ya diski yenyewe. "Iliyojaa iko wapi?" "Kushoto." "Inakwenda wapi?" "Kulia." "Una uhakika?" "Ninao." Ndipo hubonyeza. Wagonjwa walioko kwenye benchi husikia, na mmoja aliwahi kuuliza kama ndani kunafungwa ndoa.

Jumatatu walifanya hivyo mara mbili.

Saa nne na nusu dereva wa lori anaingia na mkewe. Ni mtu wa miaka hamsini na minane, mrefu, mwenye kikohozi anachojaribu kukimeza. Amekubali habari zake ziandikwe hapa, mradi jina lake lisiwemo.

Wiki iliyopita hospitali ilimpiga picha ya kifua ikaona kivuli kwenye pafu la kulia, ukubwa wa kifungo cha shati. Daktari alimuuliza kama aliwahi kupigwa picha zamani. Akakumbuka: miaka sita nyuma, hapa hapa, alipokuwa akitafuta kazi na mwajiri akataka cheti cha afya. Daktari akafurahi. Kama kivuli kilikuwepo wakati ule na hakijakua, alisema, huenda ni kovu tu, waache. Kama hakikuwepo, Alhamisi wampasue. Orodha ya chumba cha upasuaji inafungwa leo saa kumi.

"Sasa naomba ile picha yangu, dada," anasema dereva. "Ya bila kivuli. Samahani, ya kivuli. Nataka ile yenye kivuli."

"Hukupewa filamu yako wakati ule, kaka?"

Dereva anamtazama mkewe. Mke anatazama ukutani.

"Mwambie," anasema mke. "Au nimwambie mimi?"

"Niliibandika kwenye kioo cha lori. Upande wangu. Jua linachoma huko njiani."

"Miaka sita mapafu yake yanaota jua," anasema mke. "Mimi nilisema, hii karatasi ya hospitali, iweke kabatini. Akasema kabatini hakuna jua."

Mama Nakala anamuuliza namba ya usajili. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Picha za miaka ile hazikuwekwa kwa majina, ziliwekwa kwa namba, na daftari la majina ya mwaka huo liliharibiwa na maji ya paa lililovuja. Namba ilichapwa kwenye kona ya filamu. Kumtafuta bila namba ni kuilazimisha diski inayogonga ifungue maelfu ya mafaili, moja baada ya jingine.

Lori liko safarini na dereva mwenzake. Simu inapigwa, inawekwa sauti ya juu.

"Kona ya chini, kushoto," dereva anaeleza. "Kuna namba. Isome."

"Ninaendesha."

"Simama pembeni."

Zinasikika honi za watu wengine. "Nimesimama. Hapa kuna mbu aliyekufa."

"Mwondoe."

"Nne. Sifuri. Saba. Mbili. Halafu hii ya mwisho jua limeila. Ni tatu. Au nane. Inategemea ulivyoinamisha kichwa."

"Inamisha vizuri, bwana, ni pafu langu hilo."

Tatu au nane. Mama Nakala anaandika zote mbili kwenye kiganja. Anatazama skrini: arobaini na nane kwa mia. Alipanga diski itoe picha mpya kwanza, za watu walioko kwenye matibabu sasa, kisha irudi nyuma mwaka hadi mwaka. Miaka sita nyuma itafikiwa kesho alfajiri, kama itafikiwa. Orodha inafungwa saa kumi.

Ili kumtoa mtu huyu mmoja, lazima asimamishe.

Anamfuata Mjomba kwenye chumba cha mashine. Wanazungumza mlangoni, na mlango haukufungwa.

"Fundi alisemaje?" anauliza Mjomba.

"Nisiisimamishe."

"Basi."

"Mjomba, yule baba huenda akapasuliwa keshokutwa."

"Nimesikia. Na humo ndani kuna watu elfu kumi na nane, mwanangu. Nusu hawajatoka."

"Najua. Mimi ndiye ninayewahesabu. Lakini na yeye si yumo humo humo? Tunawatunza ili iweje, kama mmoja akija kuchukua chake tunamwambia tunaogopa?"

Mjomba anafuta miwani yake kwa ncha ya koti. "Ile mara ya kwanza hukuniuliza," anasema mwishowe. Halikuwa shutuma. "Leo umeniuliza. Fanya unavyoona."

Anarudi kitini. Spika anasimama nyuma yake, hajaitwa.

"Unasimamisha nini?"

"Kunakili."

"Unafungua wapi?"

"Kushoto. Nne sifuri saba mbili tatu."

"Una uhakika?"

Anatazama kiganja chenye namba mbili. Spika anarudia swali taratibu, kwa sauti ambayo hakuna anayemjua nayo. "Dada, una uhakika?"

"Sina. Nabonyeza hivyo hivyo."

Namba kwenye skrini inasimama. Sanduku linagonga mara nne mfululizo, jambo ambalo halijafanya tangu Jumatatu, kisha linanyamaza. Duara dogo linazunguka katikati ya skrini. Sekunde kumi. Ishirini. Dereva, ambaye hakuna aliyemkaribisha, amesimama mlangoni na kofia yake mkononi.

Picha inafunguka. Ni nyonga ya mwanamke.

"Hiyo si yangu," anasema dereva.

"Tumeona," anasema mkewe.

Nane. Duara linazunguka tena. Sekunde thelathini. Arobaini. Sanduku linatoa ule mlio wa kukwaruza, na safari hii kila mtu ameusikia. Picha inaanza kushuka kutoka juu kama pazia: mabega, mifupa miwili ya shingo, mbavu za kwanza. Inasimama hapo. Mama Nakala ameweka kiganja mdomoni. Hakuna anayejua ilikaa hivyo muda gani. Halafu inashuka hadi chini, nzima, na pembeni herufi za kwanza za jina la dereva na tarehe.

Anainakili kwenye kijiti kidogo cha flashi, kisha kwenye kijiti cha pili, kisha anaituma hospitali. Baada ya hapo anabonyeza kuendelea.

Namba haisogei.

Dakika moja. Tatu. Spika ameketi sakafuni. Midomo ya Mama Nakala inacheza, na mtu aliyekaa karibu angesikia anahesabu. Dakika ya kumi na moja, arobaini na nane inakuwa arobaini na tisa.

Mjomba alikuwa ameitazama picha ya dereva alipopita. Ana miaka arobaini ya kutazama vifua vya watu, lakini sheria haimruhusu kumwambia mgonjwa anachokiona, kwa hiyo alisema tu, "Imetoka safi," akaondoka. Mama Nakala anasema alijua papo hapo. Mjomba akipata habari njema hupiga mluzi.

Daktari alipiga simu saa nane na dakika ishirini. Dereva alipokelea kwenye benchi la nje. Aliitikia "ndiyo" mara tano, akashukuru, akaiweka simu mfukoni.

Miaka sita iliyopita pafu lilikuwa safi kabisa. Kivuli ni kipya.

"Nilikuja hapa nikiomba nisikie kilikuwepo," alimwambia Mama Nakala. "Njia nzima nakiambia, uwe wa zamani, uwe wa zamani."

"Samahani, kaka," alisema Mama Nakala.

"Samahani ya nini? Daktari amesema bila hii wangeweza kungoja miezi sita waone kama kitakua. Kingekua." Alivaa kofia. "Mimi naogopa, dada. Sikufichi. Lakini naogopa kitu ninachokijua ukubwa wake."

Mkewe alirudi peke yake kutoka kwenye geti, akamshika Mama Nakala mikono yote miwili.

Baadaye, akiwa amebaki na sanduku lake, Mama Nakala alikiri jambo ambalo wengi wangelificha. "Simu ilipopigwa na nikaona uso wake, kuna sehemu ya moyo wangu ilitamani picha isingefunguka. Ningebeba kosa la diski tu. Hilo nimelizoea."

Diski iliendelea kugonga hadi Jumatano saa kumi na dakika tano jioni, ikafika mia kwa mia. Alipoizima na kuiwasha tena kwa majaribio, haikuamka.

Programu iliacha orodha ya mafaili yaliyoshindwa kusomeka. Ni ya watu saba. Je, yangesomeka kama asingesimamisha? Fundi anasema hakuna anayeweza kujua. Mjomba amesema swali hilo lisiulizwe tena kituoni. Mama Nakala analiuliza, na orodha ameikunja kwenye mkoba, karibu na kamusi. Amekwisha kuwapigia simu watu sita kati yao, akawaeleza ukweli, na wanne wamekuja kupigwa picha upya bila malipo. Mmoja alimfokea. Wa saba simu yake haiiti, na kila asubuhi kabla ya kuvua mkoba huijaribu.

Sasa mipango ipo, na ameibandika mlangoni palipokuwa na karatasi ya FUNGA POLEPOLE. Diski tatu, siyo mbili. Moja kituoni, moja kwa Mjomba, ya tatu kwa binti yake upande wa pili wa mji, na kamwe zisichomekwe zote siku moja. Kifaa cha kutuliza umeme kimeshafungwa. Na kila Ijumaa anachagua picha ishirini bila mpangilio kutoka kwenye nakala, na kuzifungua moja moja, kwa kuwa nakala ambayo haijafunguliwa, anasema, ni matumaini tu.

Dereva alipasuliwa Alhamisi. Kipande kimepelekwa maabara, majibu ni wiki ijayo. Ameambiwa kwamba, vyovyote yatakavyokuwa, atapigwa picha kila baada ya miezi mitatu, na ameomba apigiwe hapa.

Mama Nakala ameshamtengenezea folda. Ndani yake kuna picha mbili, ya miaka sita iliyopita na ile ya kivuli iliyoombwa kutoka hospitali, na folda hiyo iko sehemu zote tatu, kwa jina na kwa namba.

"Akirudi, daktari atauliza ya zamani iko wapi," anasema. "Ya zamani itakuwa hii ya leo. Nataka niifungue huku naongea na mgonjwa mambo mengine, habari za safari, bei ya vitu. Nataka asijue kwamba kuna mtu hapa aliwahi kuogopa."

Anageuka kwa Spika, aliyekwisha kusimama nyuma ya kiti na kuanza kuuliza.

"Iliyojaa iko wapi?"

"Kushoto," anajibu Mama Nakala, na kuigusa.